Mutu wa Kunishikilia Wimbo

Nchelenge, kando ya ziwa

Furaha, mujukulu wangu, mukewenzangu wa mchezo,

Hauna haya? Samaki ya huko kwenu Kilwa, ngambo ya ziwa, inavuka kila siku ya soko. Inafika hapa imekufa, imekauka na chumvi, lakini inafika. Weye uko muzima na miguu mbili, mwaka ya pili hii haujakuja. Habari ya mwili yako? Mama yako, mugongo ilipona? Miye niko, ni magoti tu njo inanitukana. Barua anaandika bibi ya pasta: kalamu ni yake, matusi ni yangu.

Siku ya Mungu yenye kupita niliinua wimbo yetu ya Kiswahili kanisani. Unajua vile inanifanyaka. Sauti ilitoka kwa tumbo, ikapanda, na miye nikapanda nayo. Sioni benchi, sisikie magoti. Kwetu, mumoja akipanda, bengine banashika wimbo chini, polepole, habaache, maana njo kamba ya kumurudisha. Bamama Babemba ba hapa habakujua. Baliona macho yangu inageuka, bakanyamaza bote kwa heshima. Pii! Nikaanguka kama jiwe. Niliamukia kiliniki, nguo imelowa maji, jirani yangu Bana Mulenga, njo kusema mama ya Mulenga, ananipepea na sahani.

«Mama, ulikuwa unakufa?»

«Nilikuwa ninafurahi, mujinga weye! Mulinyamaza juu ya nini?»

«Tuliona Mungu anasema na weye. Tumukate maneno?»

Tulicheka mpaka muganga akatufukuza.

Habana baya. Bo bakiimba Kibemba, sauti zinalaliana kama mikeka, machozi inatoka, na hakuna anaanguka. Kulifika na muzungu mugeni, aliimba mikono ndani ya koti, mwili haitikisike, lakini mushipa ya shingo ilikuwa inaruka. Nikasema: huyu naye amefika kule. Kila mutu na ngazi yake.

Lakini mukubwa wa korale, bale baimbaji ba kanisa, amekata neno: nisiinue wimbo tena kama hakuna mutu wa kunishikilia. Na ziwa ikifungwa kwa bavuvi, samaki ipate kuzaa, tunaweka musalaba kwa kaburi ya nkambo wako, bwana yangu. Nilimuahidi, angali na pumzi, kama miye njo nitamuimbia. Bana Mulenga anajifunza. Jana alishikilia vizuri, anamenya mihogo. Kisha akaona nimefunga macho, akatupa mihogo na wimbo, akakimbilia maji. Ananipenda vibaya, yule.

Weye haukuogopaka. Ulikuwa mutoto wa meno ya kung'oka, unashikilia wimbo, muwa ndani ya mukono.

Salimia mama yako, na mujomba wako muvuvi, na shangazi yako mwenye kushona, umwambie kitenge aliyonishonea inanibana matako.

Ukikuja, usilete sukari. Simama kwa mukono yangu ya kushoto pale kaburini, na nikianguka, acha nianguke. Weye imba mpaka nisimame miye mwenyewe.

Nkambo wako mwenye kukugombeza na kukupenda,
Anastazia