Solo Isiyolia

9 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi na si umelala, na kwamba kidonda kinaendelea kukauka kama Baba alivyoniambia. Mimi mzima. Bweni zima tuna mafua, lakini ni mafua ya kuambukizana tu, hayajamzuia mtu kula.

Nilipokuja kukuona hospitali baada ya ajali, sikusema kitu. Nilisema pole, kisha nikasoma maandishi ya kwenye chupa ya dripu mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha. Ulinitazama kama mtu anayengoja basi. Maneno nilikuwa nayo, ila hunijia vizuri nikiwa na kalamu, kwa hiyo ngoja niyaseme huku.

Baba anasema umelifunika gitaa lako kwa shuka na umemwomba atafute wa kulichukua, kwa kuwa gitaa la pedali, linalolazwa kama meza na kukanyagwa kwa miguu, bila mguu wa kushoto ni meza ya kupigia pasi. Anasema usiulizwe zaidi. Siulizi. Nataka tu kukuambia solo tatu za gitaa la aina hiyo ninazozipenda kuliko zote nilizowahi kusikia, kwenye santuri zako na kwenye kompyuta ya maktaba, ambako mkutubi huniruhusu kuvaa hedifoni Jumamosi nikishapanga vitabu.

Ya tatu ni ya ule wimbo wa mama anayembembeleza mtoto aliyekataa kulala. Gitaa linaingia polepole kama mtu anayefungua mlango wa chumba cha mgonjwa. Ya pili ni ya wimbo wa harusi wa ile bendi ya zamani ya wafanyakazi wa reli, ambapo gitaa linacheka, na mpaka leo sijui kitu kisicho na mdomo kinachekaje.

Ya kwanza ni yako. Ule wimbo wa mpangaji anayeambiwa ahame, naye anakaa kitako mlangoni. Wenzangu wanaliita gitaa la msiba, kwa sababu kila wanapolisikia linalia. Pale halilii. Kila noti inaingia mara moja, kavu, kama mtu anayejibu kabla hujamaliza kumsema. Nimeirudia mpaka mkutubi akaniuliza kama kompyuta imekwama. Na nimegundua kitu: katika solo hiyo hukugusa pedali hata moja. Kile kilio hakipo kabisa. Kwa hiyo, Shangazi, solo yako bora kuliko zote ilipigwa bila mguu wa kushoto. Usimpe mtu gitaa.

Mwanao,
yule unayemwita Profesa


2 Machi

Profesa,

Marahaba, mwanangu. Poleni na mafua. Kidonda kimefunga, nalala, nakula, na wageni wa kuniletea juisi na kukodolea macho shuka pale mguu unapoishia wamepungua, namshukuru Mungu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nilikasirika, na bado nimekasirika, kwa hiyo nivumilie.

Nani alikuambia sikugusa pedali? Katika solo ile pedali zote tatu zimefanya kazi kama punda. Ukisikia nyuzi mbili zinaachana, mmoja unapanda na mwenzake amekaa, hiyo ni pedali, mama. Chuma cha mkononi hakiwezi hilo, chenyewe kinateleza juu ya nyuzi zote kwa pamoja. Unachokikosa wewe ni kitu kingine. Mguu wa kushoto hukanyaga hizo tatu. Mguu wa kulia hukaa juu ya pedali ya sauti, na hautoki hapo tangu wimbo uanze hadi uishe. Unadokoa uzi wakati sauti imefungwa, kisha unaifungua taratibu, na noti inatokea bila mwanzo, kama kwikwi. Ndicho kilio chenyewe. Siku ile tuliporekodi, pedali ya sauti ilikufa, watu wengine wanangoja studio mlangoni, nikachomeka waya moja kwa moja kwenye amplifaya nikapiga hivyo hivyo, nimenuna. Huo ndio ufundi unaousifu.

Mguu wa bandia nilioletewa nimeujaribu. Unakanyaga kama breki ya lori: ama umekanyaga, ama hujakanyaga. Pedali inataka mguu wenye habari, unaojua umekanyaga kiasi gani.

Kofia alikuja, yule mkuu wetu wa bendi. Kofia yake hakuivua hata mbele ya mgonjwa. Wanarekodi wimbo mpya mwezi wa sita, na kijana wa kinanda ana kitufe kinachoiga gitaa langu. "Dada, wewe njoo ukae tu," akaniambia. "Tunapiga picha ya jalada, wewe nyuma ya gitaa, pale chini tunakufunika na kitambaa. Watu wakuone." Yaani niwekwe kama maua ya plastiki. Nilimwambia nitafikiria, kwa sababu nilikuwa nimechoka.

Usinitungie miujiza, mwanangu. Soma vitabu vyako.

Shangazi yako,
mwenye mguu mmoja na masikio mawili mazima


11 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mafua yameisha. Wewe je, bado umekasirika? Nauliza hali ya afya tu.

Nilikosea kuhusu pedali, na nimeona aibu, maana nilikwisha kumweleza mkutubi kana kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza hilo gitaa. Nimesikiliza tena nikiwa na barua yako mkononi, na kweli, uzi mmoja unapanda na mwenzake amekaa. Samahani.

Lakini naomba nawe uisome tena barua yako mwenyewe. Umesema mguu wa kulia hautoki kwenye pedali ya sauti. Umesema siku ile pedali hiyo ilikufa. Basi siku ile mguu wa kulia ulikuwa na kazi gani?

Siulizi kwa ubishi. Sawa, nauliza kwa ubishi kidogo.

Na Kofia usimkubalie. Mtu hafunikwi kitambaa kama kochi.

Mwanao


20 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini u mzima, ingawa natumaini tu, kwa sababu sijapata jibu, na Baba anasema simu yake hupokei. Jirani yako ndiye aliyemtuliza. Amemwambia uko salama, ila unagombana na mtu humo ndani kila siku na yeye hamwoni huyo mtu akitoka.

Huku tulipangiwa hotuba darasani, kila mtu na mada aliyoichagua. Unanijua mimi, hata nikiambiwa nifungue dirisha natafuta wa kunisindikiza. Nilizungumzia zile solo tatu. Wa nyuma wakaanza kuigiza msiba, wakapangusana machozi, mmoja akajifanya kuzirai. Mwalimu akanihurumia.

"Unaweza kukaa," akasema. "Umejitahidi."

"Sijamaliza, Mwalimu."

Nikawapigia ile ya mpangaji kwenye spika ya darasa. Sitakudanganya kwamba walinyamaza. Waliendelea kucheka, nami nikaendelea kueleza mguu upi unafanya nini, mpaka nikafika mwisho wa nilichoandika. Sikukaa chini kabla ya hapo.

Huenda swali langu lilikuudhi. Kama ni hivyo, sitaliombea radhi. Nimeshaomba kwa lile la pedali na inatosha.

Mwanao, bado anangoja


18 Mei

Profesa,

Marahaba. Mimi mzima, ila mgongo unauma, na nyonga nayo, na sasa hivi utajua kwa nini. Wewe uko salama? Huyo aliyezirai ameamka?

Swali lako liliniudhi sana. Niliondoa shuka kwenye gitaa ili nikuthibitishie kwamba haiwezekani, nikuandikie kwamba nimejaribu, ubishi uishe. Pedali ya sauti nikaisukumia kando. Mguu wa kulia nikaupeleka upande wa zile tatu. Ule mguu ni mjinga, mwanangu. Maisha yake yote umekaa mahali pamoja ukipanda na kushuka kama mtu anayetikisa susu akibembeleza mtoto. Leo unaambiwa uchague, unakanyaga zote. Niliutukana matusi ambayo nitakufundisha ukishakuwa mtu mzima. Huyo ndiye mtu niliyekuwa nagombana naye. Jirani aligonga kuja kuamua.

Kukaa upande kuliniua nyonga, nikamwita fundi baiskeli wa hapa mtaani. Akalala chali chini ya gitaa, akazitazama fito zinazovuta nyuzi, akasema, "Mama, hii ni baiskeli isiyokwenda popote." Kisha akazihamisha pedali, akaziweka mbele ya mguu niliobaki nao. Magoti ninayo yote mawili, na chini ya gitaa yana mikono yake ya chuma ya kusukuma kando, kwa hiyo huko sikupoteza kitu. Sasa nafika ninapotaka.

Lakini bila ile pedali ya sauti halilii. Siwezi kuificha noti inapoanza. Nikidokoa nimesikika, nikikosea nimesikika. Nilihangaika kulitafutia kilio kwa njia nyingine, kisha nikaacha. Kulia nimelia mwenyewe mwaka huu, gitaa halina haja ya kunisaidia.

Nimempigia Kofia. Nimemwambia picha sipigwi, solo napiga.

"Dada, usijitese," akasema.

Nikamwambia atakayeteseka atajulikana siku hiyo.

Shangazi yako


15 Juni

Mwanangu,

Habari za mitihani? Kula kwanza ndipo usome, kichwa chenye njaa kinasoma mstari mmoja siku nzima. Mimi sijambo.

Jana tulirekodi. Niliingia na magongo yangu, fundi baiskeli nyuma amebeba gitaa, hakukubali mtu mwingine aliguse. Kijana wa kinanda alishaweka kidole kwenye kile kitufe chake. Nikamwambia, "Baba, toa kidole, kitaungua." Akatoa.

Nilipopiga mara ya kwanza walitazamana. Kofia akaja akainama karibu yangu, anaongea kwa upole kama anaongea na mgonjwa wa moyo.

"Dada, mbona limekuwa kali hivi? Liache lilie kidogo. Watu wamezoea."

"Mimi nilikuwa nimezoea mguu."

"Sikumaanisha hivyo."

"Najua ulichomaanisha. Weka kinanda, basi. Mimi nichukue gitaa langu niende, na wakikuuliza niko wapi, waambie nilifukuzwa kwa kupiga kelele."

Kofia akamtazama mpiga ngoma, labda amsaidie. Mpiga ngoma akasema yeye ana watoto nyumbani, tupige au tufunge. Tukapiga. Tukarudia, tukarudia tena, shati lote limeniganda mgongoni, na mguu ule mjinga siku hiyo ukaonyesha adabu. Mwisho Kofia akamwambia fundi mitambo, "Hiyo. Itunze hiyo."

Nimekuwekea kwenye flashi humu ndani ya bahasha, nimeizungushia pamba. Sasa nisikilize. Wote waliokuwepo waliniambia ni nzuri kabla hata sijavua vidoleni kucha za chuma za kudokolea nyuzi. Hawakuwa wananiambia mimi, walikuwa wanauambia mguu. Wewe umesikiliza hili gitaa kuliko wao wote. Niambie hii ni ya ngapi.

Shangazi yako


29 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini nyonga imetulia na mgongo haukusumbui. Mitihani imekwisha na nimekula vizuri. Nimechelewa kwa sababu niliandika barua ya kwanza nikaichana, nikaandika ya pili, nzuri sana, yote ya uongo, nikaichana pia.

Ilipoanza nilisimama. Sijui kwa nini, waya wa hedifoni ukachomoka na maktaba nzima wakaisikia. Inaingia na viatu vyake. Katikati, mahali fulani, chuma kimeukwaruza uzi. Naomba wasipasafishe, maana ndipo nilipojua kwamba ni wewe na si kitufe. Nimeiweka mbele ya ile ya mama na mtoto. Nimeiweka mbele ya ile ya harusi.

Ni ya pili, Shangazi. Si ya kwanza.

Tatizo ni noti ya mwisho. Solo nzima imesimama wima, kisha pale mwishoni unakiteremsha chuma polepole na noti inazama. Ni kama mtu aliyejibu vizuri mbele za watu, halafu alipofika mlangoni akageuka akasema samahani. Katika ule wimbo wa mpangaji uliikata tu, ukawaachia wengine kazi ya kuendelea.

Nimeogopa kuandika haya na mwandiko unaonyesha. Ungekuwa na miguu yote miwili ningekuambia hivi hivi.

Mwanao


7 Julai

Profesa,

Marahaba. Nyonga imetulia. Mwandiko niliuona.

Barua yako niliitupa chini nikatoka nje. Niliporudi nikaisikiliza ile noti, hiyo moja tu, mpaka jirani akagonga tena. Ni kweli. Pale nilikuwa namtazama Kofia usoni.

Nimempigia simu asubuhi hii.

"Dada," akasema, "ile solo si tuliikubali?"

Nikamwambia aliikubali yeye.

Jumatatu tunarudi studio.

Shangazi yako