Masikio ya Shemeji Kwenye Simu ya Akiteng

Burumba, Busia
Jumatano

Kwa shemeji yangu Egwang, mwenye lojingi Malaba ambayo kunguni hulala bure na madereva hulipa,

Yoga noi, salamu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama watoto, na kwamba ule mgongo umekuachilia kidogo. Sisi huku tunapumua. Mvua imezidi, na mahindi yamegeuka manjano kama meno yako. Kama unajiuliza mbona mzee mwenye simu anaandika barua, ni kwa sababu kwenye simu ungenikata maneno, nami ningeingiza mzaha, tungeagana kabla sijasema. Soma ukiwa umekaa.

Dada yako Akiteng anakula. Uji anaumaliza, na shuka tunambadilishia kila asubuhi. Lakini tangu kiharusi kimkamate, neno halijamtoka mdomoni, hilo unalijua.

Unajua pia kwamba mjukuu wetu Sharlyne, aliyesomea mambo ya kompyuta Kisumu, alimtengenezea bibi yake programu ya simu. Picha kubwa kubwa: kikombe, kitanda, redio, ndoo, na nyuso za watu wake. Ukigusa picha, simu inalitaja jina lake kwa sauti. Tulitaka aguse anachokihitaji. Hakugusa. Aliitazama ile simu kama mtu anayetazama ukuta wa jirani. Sharlyne akasema picha zimekufa, zinahitaji animesheni, yaani zisogee kidogo ili jicho lizifuate. Naye ana kazi za watu, hana nafasi, basi nikamwambia anifundishe. Alicheka mpaka akashika meza. Akanikumbusha kwamba Kuka, yaani mimi babu yake, aliachia shule darasa la sita. Nikamjibu kwamba niliiacha shule, akili sikuiacha huko.

Na nikajifunza, shemeji. Kwa kidole kimoja niliandika zile amri za kuiambia picha itoke wapi, ifike wapi, itumie muda gani. Kikombe changu cha kwanza kiliruka kikatoka nje ya kioo, kikapotea kabisa. Cha pili kilitetemeka kama mlevi aliyesimamishwa na polisi. Ndipo Sharlyne akanieleza kwamba kitu kikisogea hakiondoki kwa kasi wala hakisimami ghafla. Kinaanza polepole, kinachanganya mwendo, kisha kinapunguza kabla ya kutulia. Nikamwambia hilo nalijua tangu nikiwa taniboi wa malori. Hivyo ndivyo lori la saruji linavyoingia kwenye foleni yenu ya Malaba, kama dereva hajalewa. Kuanzia hapo kikombe kikainama vizuri, redio ikavimba na kunywea kama inapumua, na Akiteng akaanza kugusa. Akigusa kikombe, tunakimbia na maji. Tulikuwa kama watu wa arusi.

Kisha ikafika zamu ya picha yako. Mungu alikupa masikio ya kugawia jamaa. Nikayakata pembeni, nikayafanya yapige kama ya ndovu, nikacheka peke yangu hadi machozi. Dada yako akayaona, akanyoosha kidole, akagusa, na simu ikasema, "Egwang." Akagusa tena. Nikakupigia usikie mwenyewe. Mama watoto aliniambia ulilia mpaka wateja wakatoka vyumbani kuuliza nani amekufa. Jumapili ukasimama kanisani ukasema dada yako amekuita kwa jina, na sasa nasikia mnakuja Jumamosi, wewe, katekista na kwaya nzima, kutoa shukrani.

Shemeji, hakukuita.

Juzi mchana stima ilipotea. Simu ikabaki na chaji kidogo, ikaanza kujibania, na ikijibania hivyo inazima mambo yote ya kusogea. Picha zikasimama. Hakugusa hata moja, midomo imekauka na kikombe kiko mbele ya macho yake. Stima iliporudi, nikamjaribu. Nikatuliza zote, nikasogeza ndoo peke yake. Akagusa ndoo. Nikatuliza ndoo, nikasogeza kitanda. Akagusa kitanda, na alikuwa amekilalia. Sharlyne akajaribu naye, kisha akatoka akakaa nyuma ya nyumba. Muuguzi wa kliniki ametuambia bila kuzunguka kwamba mama anafuata kinachosogea tu, kama mtoto mchanga. Haelewi picha, hajui nyuso, na tusijidanganye kwamba akili itarudi. Kwa hiyo alikuwa anayafukuza masikio. Utani wangu ndio uliokuliza mbele ya wateja.

Mwambie katekista kabla ya Jumamosi. Lawama niwekee mimi, nimezizoea. Kwaya ibaki nyumbani. Wewe njoo hata hivyo, ukae naye, na usimuulize kitu.

Kuna jambo moja ambalo hata Sharlyne sijamwambia. Katika zile nyuso, yangu pia imo. Hiyo sikuisogeza tangu mwanzo. Zingine zote zilicheza, yangu niliiacha imetulia, kwa sababu nilitaka aniguse mimi bila kuchezewa michezo, mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Hakuigusa hata siku moja. Nilikuwa najiambia kesho.

Leo asubuhi nimeichukua simu, nikaifanya kofia yangu iinuke polepole, ishuke polepole, kazi safi ambayo fundi yeyote angeisifu. Akaiona. Akagusa. Simu ikasema, "Ojiambo."

Nikaitika. Akagusa tena, nikaitika tena, tukaenda hivyo mpaka mkono wake ukachoka ukaanguka kwenye shuka.

Nisalimie mama watoto na wote wa hapo, hata wale madereva wanaokojolea ukuta wako. Mungu akulinde na mgongo.

Ni mimi shemeji yako asiye na adabu,

Ojiambo