Ami, Popo Lako Sasa Linapiga Hodi

Ami,

Shikamoo. Hapa nimeinua kalamu kidogo, niipishe marahaba yako ipite. Haya, imepita.

Kwanza nnataka kukwambia jambo ninaloona haya kumwambia mtu mwingine: nina furaha. Bibi akisikia jina lako bado anajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baba kofia yako kaiacha pale pale msumarini, hataki mtu aiguse. Na mimi huku mjini natembea Jang'ombe nzima natabasamu peke yangu kama mwehu. Usinichukie. Ngoja nikuhadithie sababu.

Injini imefika. Ile ya umeme, uliyoingoja mpaka ukalazwa. Makame, fundi wako na rubani mwenzio, kaifunga kwenye Popo, kile kidege chenu cha bawa la kitambaa, kwa mikono yake, ile ya petroli kaiweka bandani chini ya turubai. Siku ya kwanza ya kuiwasha alikuja na kitambaa chake cha kufutia mafuta, kama kawaida. Mafuta hamna. Akasimama nacho mkononi kama mtu aliyefika harusini akaambiwa harusi ilikuwa jana.

Kitabu cha maelekezo ni cha Kiingereza, kwa hiyo kila Ijumaa baada ya skuli nilikuwa nakwenda kijijini kumsomea. Fizikia nimesomeshwa kwa Kiingereza, Ami, lakini woga wangu wote ni wa Kiswahili. Nikifika penye onyo kuhusu moto wa betri sauti inanishuka, naye ananikemea: "Paza sauti mwanangu, hapo ndipo nnapopataka!"

Mazuri ni mengi. Hakuna plagi ya kuliwa na chumvi, hakuna kamba ya kuvuta mpaka bega liume, na kanga ya Bibi hainuki petroli nikitoka bandani nikamkumbatia. Mabaya nayo yapo. Betri nzito kama gunia la mchele, na hewani haifiki nusu saa. Ikichemka na jua haichajiwi mpaka ipoe, na umeme ukikatika tunakaa bandani tunatazamana. Makame akiona imebaki theluthi anageuza, hata abiria aombe vipi. Ile ndoto yenu ya kwenda Mjini na kurudi, bado. Lakini kuzunguka ufuo wetu na kutua mchangani, inatosha kabisa.

Tatizo likatoka pale tusipopategemea. Popo halina sauti.

Unajua kwetu hapana pengine pa kutua. Nyuma mawe na minazi, mbele ule mchanga maji yakitoka. Na maji yakitoka ndipo kinamama wa mwani nao wanaposhuka. Makame alipokuwa anarudi safari ya tatu, Bi Mize alikuwa anakata mchanga na gunia la mwani kichwani. Mtu mwenye gunia kichwani hatazami juu. Alichokiona ni kivuli cha bawa tu kinampita miguuni. Gunia kule, yeye huku, kakaa kitako majini. Makame alimkwepa kwa mbali, hakuna aliyeumia, lakini jioni ile ile tulikuwa barazani kwa sheha.

"Marehemu Sudi alikuwa na adabu," Bi Mize akakutaja, na nguo bado mbichi. "Akivuma tangu kule mwambani, tunasema huyooo, tunapisha. Hili la sasa linaingia kwa mtu bila ya hodi!"

"Lakini kuruka uliruka Bi Mize," mmoja akamtania. "Na kila siku unatwambia magoti yanakuuma."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Na sheha hakucheka. Akasema Popo lisikanyage tena mchanga, ila kwa kujaribu tu bila ya abiria, mpaka lijue kubisha hodi. Njiani Makame akaniambia kwa upole kuwa asipopata njia ataing'oa injini ya umeme airudishe ilikotoka. Ya petroli nayo nshajua imechoka, mlisema wenyewe. Maana yake Popo lingebaki bandani, kuku wakatagia kitini kwako.

Akajaribu honi ya vespa. Upepo ukaimeza. Akaniambia, "Basi wewe simama mchangani, ukiliona piga ukelele." Nikasimama. Nikaliona. Nikafungua mdomo, ikatoka sauti ya kifaranga. Mama mmoja wa mwani akaniuliza, "Mwanangu, unaumwa?"

Nikarudi mjini nalia ndani ya ushungi.

Kesho yake watoto wa mtaani kwetu walikuwa wanarusha tiara zao za karatasi. Nilikuwa naanua nguo darini, nikasikia mvumo ule, vuuuu, kabla sijaiona tiara yenyewe. Ule ukanda wa plastiki unaokazwa kwenye upinde, Ami! Ulionifunza wewe, kwa mkanda wa maboksi, ukiniambia tiara isiyovuma ni karatasi tu. Niliziacha nguo za watu kwenye kamba.

Nikatengeneza upinde wa mwanzi, mrefu kama mkono wangu, nikaukaza ukanda. Nikampelekea Makame. Akataka kuufunga karibu na kiti. Nikamwambia hapana, ukikatika utakwenda kwenye pangaboi la nyuma. Nilisema hapana, Ami, kwa mtu mzima. Tukaufunga mbali nje kwenye bawa, na nikataka wa pili upande wa pili, maana uzito wa upande mmoja ndio uliokuwa ukizizungusha tiara zangu kama kuku aliyechinjwa. Akarusha peke yake juu ya mchanga, kinamama hawajashuka, akaenda, akarudi, akakagua kila fundo. "Haya," akasema, "twende kwa sheha."

Barazani akanisukuma mbele. Nikasema nikitazama viatu vya watu: "Linavuma sasa. Bi Mize atujaribu mwenyewe."

Bi Mize akakubali, kwa sharti. Atatwika gunia, atatupa mgongo, na hageuki.

Makame akataka niruke naye. Bibi ndiye aliyenifunga kofia ngumu juu ya ushungi. Nilidhani atakataa. Akaniuliza tu, "Injini ikizima je?" Nikamjibu kwa maneno yako: injini ni mgeni, bawa ndilo mwenyeji, mgeni akiondoka nyumba haianguki. Akakaza mkanda wa kidevuni mpaka nikakohoa.

Tukaruka. Kule juu kuna upepo tu, na minazi inakuwa midogo, na vigingi vya mwani vimejipanga kama mishono. Tulipofika mwambani Makame akaizima injini kabisa, kama ulivyokuwa ukifanya kunitisha. Sikutishika. Bawa likatushika. Na pande mbili, kulia na kushoto, vuuuu, pinde zetu za tiara.

Kule chini alikuwepo mtu mmoja mwenye gunia, katupa mgongo. Tulikuwa bado mbali sana. Nikamwona anainua mkono mmoja, kisha anapiga hatua pembeni taratibu, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Hakugeuka. Kinamama wanasema alijibu kwa sauti: "Karibuuu!" Mimi sikusikia, nilikuwa nalia na kucheka ndani ya kofia.

Watu wakisikia ami yangu alikuwa rubani huniuliza alianguka wapi. Nnawajibu kuwa hukuanguka popote, ulikufa kwa figo, kitandani, umeshikwa mkono. Sasa nna cha kuongeza: Popo lako bado linaruka, na linapiga hodi.

Lala salama, Ami. Nitajifunza kurusha, na Makame kakubali kunifunza nikimaliza mitihani. Nnakuahidi sitakwenda mbali kuliko bawa linavyoweza kunirudisha mchangani. Na sitaingia kwa watu bila ya hodi, hata nikiwa natoka mbinguni.

Mwanao,
Salma