KIKAO CHA DHARURA KUHUSU NDEGE YETU KUZIMIKA ANGANI

Chama cha Waunda Ndege. Jumapili, tarehe 14 Juni, saa tisa na robo alasiri, ndani ya karakana, kando ya ndege yenyewe.

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Fundi Umeme, ambaye kazi yake ya kila siku ni umeme wa magari, Seremala, aliyeunda kiwiliwili cha ndege, Rubani, na Katibu, mama mzazi wa Rubani.

Asiyehudhuria: Makamu Mwenyekiti, bila taarifa, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwataka wajumbe wapunguze jazba. Rubani alisema jazba anayo na hataipunguza, na akaomba iandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 2/6: TUKIO LA JUMATANO

Rubani alieleza kwamba alipokuwa akirudi uwanjani redio ilikata, mshale wa volti ukalala, kisha pampu ya mafuta ikanyamaza na injini ikazima. Aliishusha ndege kwenye majani, hatua mia mbili kabla ya njia ya kurukia. "Nilikuwa nasikia upepo tu," alisema. Alikumbusha kwamba baada ya kila safari aliandika kwenye daftari la ndege: "Haichaji." Mara saba. Pembeni ya kila moja Mwenyekiti aliandika: "Imeonekana. Endelea."

Mwenyekiti alieleza kwamba ndege yoyote mpya haikosi mambo madogo madogo. Katibu alitaka ieleweke kwamba hilo jambo dogo lililokuwa limekaa humo ndani alilizaa yeye, kwa uchungu wa siku mbili.

KUMB. NA. 3/6: KUTAFUTA UGONJWA

Fundi Umeme alieleza kwamba altaneta inayozalisha umeme ni nzima, betri ni mpya na imechajiwa karakanani, na regyuleta inayodhibiti chaji ya betri ameibadilisha mara tatu. Aliwalaumu waliomuuzia. Seremala, ambaye muda wote huo alikuwa amechuchumaa chini ya injini, aliuliza waya mweusi wa regyuleta unaishia wapi.

"Kwenye bodi, kwani wapi?" Fundi Umeme alijibu. "Hasi yote inafungwa kwenye bodi. Miaka ishirini nafanya hivyo."

"Bodi ipi? Ya gari ni chuma, inapitisha umeme. Hii ni mbao, ndugu yangu. Nimeipiga randa kwa mikono yangu hii."

Fundi Umeme aliitazama bolti aliyoikaza yeye mwenyewe kwenye ubao wa nyuma ya injini. Alisema kwenye magari jambo hili halijawahi kumtokea. Rubani alimjibu kwamba gari likizima unashuka ukasukuma.

Ndege ilitolewa nje, magurudumu yakawekewa magogo. Seremala alivuta waya mmoja kutoka kwenye regyuleta hadi hasi ya betri, Rubani akawasha injini. Mshale ulipanda hadi volti kumi na nne, ukatulia hapo. Kazi ya dakika sita. Hakuna aliyepiga makofi.

KUMB. NA. 4/6: NANI ALIJUA

Mwenyekiti alishukuru kwa ushirikiano, akapendekeza suala lifungwe na Rubani aruke Jumamosi mbele ya wageni aliokwisha kuwaalika. Seremala alikataa. Alisema swali la waya huo aliliuliza kikaoni mwezi Februari, Mwenyekiti akamwambia ashughulike na misumari yake.

Mwenyekiti alisema huo ni uzushi wa mchana kweupe. "Mzee huyu angesema hayo, yangekuwemo kwenye kumbukumbu. Katibu, hebu tusomee."

Katibu alisoma kumbukumbu za Februari. Maneno hayo hayakuwemo. "Mmesikia wenyewe," alisema Mwenyekiti. Seremala alianza kukusanya vifaa vyake.

Hapo Katibu alikwenda kabatini, akatoa daftari lake la rasimu, akasoma ukurasa wa siku ile: "Seremala anauliza, hasi imefungwa kwenye mbao, umeme utarudi vipi? M/kiti: mzee abaki na misumari." Mistari hiyo imekatwa kwa kalamu nyekundu. Katibu alieleza kwamba baada ya kikao Mwenyekiti alimwambia asijaze kurasa kwa porojo. Hakubishana naye. Alikuwa na haraka ya kuchapa.

Mwenyekiti alisema hakumbuki.

Rubani alimuuliza Katibu, "Kwa hiyo wewe ulisikia, mama?"

Katibu alijibu kwamba alisikia, akaandika, kisha akakata.

Rubani alimkabidhi Seremala ufunguo wa ndege, akatoka. Hakuaga.

KUMB. NA. 5/6: KUFUNGA

Mwenyekiti aliagiza KUMB. NA. 4/6 ifupishwe. Katibu alikataa. Kikao kilivunjika saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

Mwenyekiti: (sahihi, aliitia baada ya Seremala kusimama mlangoni)

Katibu: (sahihi, ukurasa wa rasimu wa Februari umeambatishwa, pamoja na mistari niliyoikata)