Dada Aika, Nimeripoti Kosa Letu

Sombetini, Jumapili ya kwanza ya Majilio

Dada Aika,

Leo nakuambia yote, hata lile ambalo Mama alinikataza.

Unaikumbuka programu ya kukumbusha dawa, ile ya bure ambayo mtu yeyote duniani anaruhusiwa kuiboresha? Uliitafsiri kwa Kiswahili likizo yako ya mwisho kutoka chuo cha Makumira, mimi nikikusomea sentensi. Nilikuuliza tutasaidiaje wakati hatujui kuandika programu. Ukacheka. "Wanaojua kuandika programu hawajui Kiswahili. Wewe soma, acha woga."

Tangu tukuzike, Bibi anaitumia kwa dawa zake za presha. Shule ilipofungwa nikagundua anazinywa mchana. Simu ililia saa mbili asubuhi, akaizima. "Imeandika saa 8, mjukuu wangu. Saa nane bado. Hii simu yenu ina kiherehere."

Nikaifungua tafsiri yetu. Saa za Kizungu tuliziacha vilevile, Dada. Wewe uliandika, mimi nilisoma, na hatukuona.

Kuripoti kosa ni kuandika kwenye ukurasa wa programu, mbele ya watu wote, chini ya kazi yenye jina lako. Nilipomweleza Mama, akasema, "Mwache dada yako apumzike." Nikaahirisha siku mbili. Lakini nikawa nawawaza bibi wa watu wengine, wasio na mjukuu wa kuwachungulia wakinywa dawa. Nikaandika, kwa Kiingereza changu cha kidato cha tatu, kwamba huku kwetu saa tunaanza kuzihesabu jua linapochomoza, na kwamba tafsiri yetu ilisahau hilo. Sikuficha kitu.

Watu nisiowajua walinijibu kwa heshima. Saa zimerekebishwa. Wakauliza nani atapitia tafsiri yote upya, nikasema mimi. Jina lako limebaki, langu wameliweka chini yake. Nilimwonyesha Mama. Aliligusa jina lako kwenye kioo cha simu, kisha akaenda jikoni.

Mpaka leo sijaandika hata mstari mmoja wa programu. Lakini nakuahidi: kila sentensi nitamsomea Bibi kabla ya kuituma, na asipoelewa naiandika tena, hata mara kumi.

Lala salama, Dada yangu. Ila nijibu hili moja, hata ndotoni: kama mimi ndiye ningekuwa huko, na kosa lina jina langu peke yake, ungeliripoti?

Mdogo wako,
Neema