Juisi Iliyoganda Mara Mbili

Jumatatu, 6 Mei

Juisi imekufa! Vichupa vyote. Nimetia DNA, nimesubiri mpaka mgongo unauma — hakuna hata dalili ya kijani. Juisi hii nimeitengeneza mwenyewe: bakteria nikawapasua, nikachuja, ikabaki ile mitambo yao ya kuunda protini bila seli hai. Kwa hiyo ikifa imekufa, haizaliani. Na Ijumaa watahini wanakuja kuiona ikiunda protini inayong'aa kijani. Shahada yangu yote imo kwenye friza lile!

Jumanne, 7 Mei

Nimemjua aliyeiua. Shemeji! Mume wa dada yangu, niliyemwombea kazi hapa maabara mpaka Profesa akachoka na mimi. Wikendi kaleta rafiki zake waone maajabu. Kaitoa juisi yote, ikayeyuka mezani wakipiga picha, halafu kairudisha kwenye friza. Kairudisha! Hapa kila mtu anajua: ikishayeyuka, itumie au imwage; ukiigandisha tena umeiua.

"Si imeganda tena vizuri, Shemeji?" ananiambia, meno nje. Nusura nimzabe kibao.

Jumatano, 8 Mei

Dada kapiga simu. Nikadhani anaomba radhi. Wapi! Nimsitiri mumewe, bado yuko kwenye majaribio ya kazi, mtoto yuko njiani, na mimi sina anayenitegemea. Eti mtihani unaahirishika. Yaani maisha yangu ndiyo ya kuchezea? Nimemkatia simu. Nimelia kwa hasira, kisha nimeanza kuotesha bakteria wapya. Hawatawahi Ijumaa. Hawajali kilio cha mtu.

Alhamisi, 9 Mei

Profesa kasikia. Katuita ofisini sote wawili, kauliza nani kaiharibu juisi. Nilishaamua kunyamaza — kwa ajili ya dada, basi. Shemeji akakohoa. Akanigeukia, sauti laini kabisa: niseme tu, Profesa ni mtu muelewa, kila binadamu hukosea.

Niseme! Mimi! Profesa akavua miwani, akanitazama mimi, si Shemeji. Simu ya Profesa ikaita, akatuambia tusubiri nje kidogo.

Naandika hapa kwenye benchi la korido. Shemeji kakaa ubavuni mwangu, kaniwekea mkono begani. Asante kwa kunisitiri, ananong'ona, dada yako atafurahi sana.

Kitasa cha mlango wa Profesa kinazungushwa —