Ubao wa Mboga Umehamia Karakanani

Jumamosi. Mtaa wetu wa Kasubi, hapa Kampala, umeamka na mvua, na mimi nimeamka na hofu yangu ya kila siku. Sasa ni jioni na bado natabasamu peke yangu.

Tangu msumeno wa meza unikate kidole, nimekuwa fundi wa kutazama. Kidole kimepona. Moyo ndio uliogoma. Nikisikia mota ikinguruma jasho linanitoka, najifanya nina kazi ya msasa. Mwenzangu karakanani, Papa Furaha, Mkongo mpole, amekuwa akinikatia mbao zangu zote bila kulalamika.

Fundi gani huyo wa kukatiwa?

Kilichoniponza ni sledi, ule ubao mpana unaobeba mbao na kuteleza juu ya meza hadi kwenye meno ya msumeno. Chini yake kuna fito mbili zinazopita kwenye mifereji ya meza. Zangu zilikuwa za mvule, nilizipiga randa wakati wa kiangazi zikakaa barabara. Mvua zilipoanza zikavimba. Sledi ikakwama katikati, nikaisukuma kwa nguvu, mkono ukateleza. Na nilikuwa nimezipaka mafuta! Nilidhani nazisaidia, kumbe nilizidi kuzivimbisha na kuzijaza vumbi.

"Mbao inakunywa mayi, ndugu yangu, na weye unaiongezea mafuta?" Papa Furaha aliniambia hivyo hospitalini. Nilicheka huku machozi yakinitoka.

Juzi, badala ya fito za mbao, nilijaribu chuma bapa nilichonunua sokoni Kisenyi. Kilikuwa chembamba kuliko mfereji, sledi ikacheza kama jino bovu. Nikakitupa pembeni.

Mama Neema, mke wangu, hakuwahi kukanyaga karakana tangu siku ile. Alitaka niuze msumeno, nifanye kazi yoyote nyingine. Jana nilimlalamikia tu kwamba natafuta kitu kigumu kisichonywa maji. Aliendelea kukatakata mboga zake bila kunitazama, nikajua nimemuudhi.

Leo asubuhi ameingia karakanani na mwavuli, kakumbatia ule ubao wake mnene wa plastiki wa kukatia sukuma wiki.

"Baba Neema, huu haunywi maji. Nauosha kila siku, naujua. Lakini ukikatwa tena, usiniite!"

Niliupokea kwa mikono miwili.

Papa Furaha alinikatia fito mbili kutoka kwenye ubao huo. Kazi iliyobaki niliifanya mwenyewe: nilizikwangua palipogoma tu, kidogo kidogo, hadi zikateleza kwenye mifereji bila kuchezacheza. Mwisho nikazisugua kwa mshumaa mkavu. Mafuta nimeapa sitagusa tena.

Kisha nikawasha mota. Nilitamani kukimbilia msasa, sitadanganya. Sledi ikaenda taratibu, mbao ikakatika safi, nikazima. Nilipogeuka, Mama Neema alikuwa ameziba macho kwa viganja vyote viwili, lakini hakuwa ameondoka.

Jumatatu nitakata mbao zangu mwenyewe. Amesema atakuja tena, na safari hii atajaribu kufungua jicho moja.